Mche Wangu Msiuguse

Ikonge, 3 Januari 1972

Loice,

Una wazimu wewe? Kadi yako ya mwaka mpya imenifikia, nikafurahia maua yake, halafu nikaigeuza nyuma. Nimesoma mara tatu. Unajua kusoma kwangu ni kama kuvuka mto juu ya mawe, nikikosa jiwe moja narudi ukingoni. Nikadhani macho yananidanganya. Mambo kumi na manne utakayofanya mwaka huu! Kuamka saa kumi alfajiri kila siku. Kusoma Biblia yote, tena kwa Kiingereza. Kujifunza cherehani. Kunijengea nyumba ya mabati kabla ya Agosti. Kutokasirika tena maishani. Wewe, usikasirike? Na hiyo damu yangu uliyo nayo utaimwaga wapi?

Halafu namba kumi na tatu, kwa herufi ndogo ndogo kama mtu anayekohoa kanisani: "Kurudia mtihani wa mifupa."

Loice, hilo ndilo. Umeanguka mtihani wa mifupa, wamekupa nafasi moja tu, Novemba, na ukianguka tena wanakuvua sare ya uuguzi na chuo unaaga. Uliniandikia mwenyewe, ukalia mpaka wino ukaenea kwenye karatasi. Leo umelificha nyuma ya cherehani!

Ulipokuja likizo si ulimwona karani wa kituo cha majani ya chai? Anamwaga kikapu cha jirani yetu Kwamboka juu ya meza, anapitisha mkono. Majani mawili na chipukizi lake, hayo anapokea. Jani la tatu limeshakomaa, ni gumu, linaharibu chai, anakurudishia kikapu watu wakiona. Orodha yako ni matawi matupu. Mimi leo ndiye karani, naimwaga chini.

Chukua kalamu. Jani la kwanza ni mifupa. Jani la pili ni mwili wako, ule na ulale, maana mwaka jana ulizimia wodini kwa kukesha na vitabu. Chipukizi chagua mwenyewe, lakini liwe dogo. Basi. Hayo mengine yaache yaote.

Mimi nimeweka jambo moja tu. Ile chai niliyopanda mwaka wa 1969, miche mia tatu kule juu ya shamba, sasa iko tayari. Kabla mwaka huu haujaisha nataka kuichuma kwa mkono wangu. Usiniulize kwa nini nalitaja kama safari ya kwenda Misri. Nimelitaja.

Nakuandikia kwa Kiswahili alichonifundisha mwalimu Abner katika darasa la ngumbaru, kwa sababu Ekegusii chako cha Nakuru kinachekesha kuku. Baba yako na reli yake, kwenda kukuzalia huko! Ukiwaandikia wazazi wako Tororo, wasalimu.

Mimi nyanya yako,
Bosibori


Nakuru, 17 Januari 1972

Magokoro, nyanya yangu,

Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikaichana orodha.

Nikwambie ukweli. Siku niliyokuandikia kadi ile, sare yangu ilikuwa nimeshaikunja na kuiweka chini ya godoro, tayari kuirudisha. Niliandika mambo mengi ili nisilione lile moja. Wewe umeliona kutoka Ikonge.

Majani yangu mawili ni hayo uliyosema. Nakula, nalala saa tatu unusu. Chipukizi langu ni hili: kila mwezi nitakuchorea kipande kimoja cha mifupa ya binadamu na kukutumia. Nikiweza kukuchorea wewe, nitaweza kuwachorea walimu. Jumla yake ni mia mbili na sita kwa mtu mzima. Leo naanza na mguu, kutoka goti kwenda chini. Unyayo peke yake una mifupa ishirini na sita. Ihesabu.

Mjukuu wako,
Loice


Ikonge, 20 Februari 1972

Loice,

Nimeihesabu. Nilihesabu Jumatatu nikapata ishirini na minne, nikakutukana. Nikahesabu tena Jumanne ikawa ishirini na sita, nikajitukana mwenyewe.

Mjukuu wangu, nilidhani mguu ni gongo lililofungwa nyama! Ishirini na sita! Miaka sitini na kitu nimekanyaga mavi ya ng'ombe kwa mifupa ishirini na sita na sikuusalimu hata mmoja. Mingine ni kama punje za mahindi. Nani aliyeketi chini akapanga kitu hiki? Na alikuwa na subira ya namna gani, mimi ambaye nikipanga kuni tatu ya nne inaniangukia? Nimebandika mchoro wako ukutani, kwenye udongo, kwa miiba. Naamka nautazama. Mchungaji alipokuja kuomba nami alianza zaburi, nikamwambia ngoja kwanza, tazama kisigino. Akasahau zaburi, akaanza kuihesabu kwa kidole yule mtu.

Sasa sikia. Kuna mama mmoja hapa jirani, mkaidi, jina lake siliweki. Mwezi wa Novemba aliteleza njia ya kisimani na mtungi kichwani, akavunjika chini ya goti. Wakamwita mzee Mogire, yule anayeunga mifupa. Hajui a wala be. Akafumba macho. Akapitisha vidole juu ya ngozi iliyovimba, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Akasema: "Iko miwili hapa. Mnene umekatika. Mwembamba wa nje ni mzima." Akavuta, mama yule akataja majina ya watu waliokufa zamani, mfupa ukaingia mahali pake. Akafunga mabanzi ya mti.

Loice, mchoro wako una miwili! Mmoja mnene na mwembamba kando yake! Wewe umeupata kwenye kitabu cha wazungu, na Mogire ameupata wapi? Mkono wake una macho.

Lete kipande kingine. Usilale saa nne.

Bosibori


Nakuru, 12 Machi 1972

Magokoro,

Nilimsomea sista anayetufundisha habari za mzee Mogire. Akaniambia nirudie pale alipofumba macho. Kisha akatoa mfupa kabatini, akanifunga leso usoni, akasema, "Haya, sema ni upi." Niliupata wa kwanza. Wa pili nilikosa. Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya chakula nafungwa leso, wenzangu wananipa mifupa mkononi na kunicheka. Vidole vyangu vimeanza kujua vitu ambavyo kichwa kilikuwa kinasahau.

Mwambie yule mama asisimame mara tu mabanzi yakitolewa. Kwanza akae kitandani aning'inize miguu, wiki nzima. Halafu asimame ameshika kitu. Halafu hatua tatu, nne, si zaidi. Kila Jumapili aongeze chache. Asijaribu kuwa shujaa.

Jina lake nani? Nitamwombea.

Nimechora mkono. Kiganja na vidole, ishirini na saba.

Loice


Ikonge, 23 Aprili 1972

Loice,

Jina lake halikuhusu. Mungu analijua, omba tu.

Lakini alifanya ulivyosema. Aning'inize miguu, akaning'iniza kama mtoto juu ya gari la ng'ombe. Mwezi huu amefika mlangoni. Hatua saba. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Manga, na nilipofika mlangoni, yaani yeye alipofika, akashika mwimo wa mlango akaiona inavyotembea. Miezi mitano mtu ameitazama nyasi ya paa tu! Mvua ilikuwa na miguu, Loice. Ilikanyaga mgomba mmoja, ikaenda kwa wa pili, migomba inainama kama watu wanaompisha mkubwa. Nilizaliwa na mvua hii, nimelima ndani yake, nimezaa ndani yake, na siku zote nilikuwa nakimbia kuanua mtama. Sikuwahi kusimama kuitazama. Mama yule alilia. Mimi sikulia.

Kule juu wanawake wa egesangio wanachuma chai yangu. Si unawajua, wale tunaolimiana kwa zamu, leo shamba langu kesho lako. Nasikia nyimbo zao. Wameniambia miche imefanya meza, imelingana juu, sawasawa. Sijaiona bado. Nina shughuli.

Mkono huu uliochora ni wa ajabu. Niliuweka wangu juu yake, nikakunja kidole, nikakunjua. Nimefanya hivyo mpaka chai ikapoa.

Bosibori


Ikonge, 4 Juni 1972

Kwa Loice,

Mimi ni Kwamboka, jirani, ninasema, na mwalimu Abner anaandika. Nyanya yako ametuapisha wote tusikwambie. Mimi nimechoka na kiapo.

Yule mama mkaidi ni yeye. Mguu ni wake. Tangu Novemba hajatoka boma. Tunamchumia chai, tunamtekea maji, na bado anatupigia kelele kwamba tunateka vibaya. Wiki iliyopita alisema atafika kwenye chai kabla ya Agosti, watu wapende wasipende. Akatoka peke yake tukiwa kanisani. Siku ya Sabato! Tulimkuta amelala kwenye migomba, ameshikilia mgomba kama mume aliyerudi kutoka vitani. Mogire amempapasa, anasema mfupa haukufunguka, lakini umevimba tena.

Na kuna mche mmoja mwanzo wa mstari, alitukataza kuuchuma. "Mche wangu msiuguse, nitauanza mwenyewe." Miche yote ni meza na ule mmoja unapanda juu kama pembe. Karani akipita anauliza huu ni wazimu gani.

Njoo umfunge kamba. Mwalimu, andika hilo pia. Amesema yeye haandiki "kamba". Andika.

Kwamboka


Nakuru, 12 Juni 1972

Magokoro,

Umenidanganya miezi saba. Nilikuombea wewe bila kujua ni wewe. Nilikuwa nawageuza wagonjwa wa watu wengine kitandani, nikiwapangusa mgongo, na wewe uko juu ya kitanda cha kamba, nani anakugeuza?

Nimeomba ruhusa kwa matroni. Amesema nikiondoka sasa hakuna mtihani wa Novemba, na hakuna kurudi. Nimemwambia sawa. Naja Ijumaa ya wiki ijayo. Usiniandikie kunikataza.

Loice


Ikonge, 19 Juni 1972

Loice!

Usithubutu. Barua hii anaileta Josiah kwa mkono, kwenye lori lake la ndizi, nimemwambia asiuze hata kichana kimoja kabla hajakukuta.

Ndiyo, nilikudanganya. Ningekwambia Desemba ungefanya nini? Ungefanya hiki unachofanya leo. Sare yako ilikuwa chini ya godoro, ulisema mwenyewe, ulikuwa unatafuta mlango tu, na mguu wangu ungekuwa mlango mzuri sana. Watu wangekusifu. "Mtoto mwema, ameacha masomo amtunze nyanya." Na mimi ningekuwa hapa, nikitazama paa, nikijua nimekula maisha ya mjukuu wangu kama ugali.

Nilipovunjika niliogopa. Nakwambia wewe, Kwamboka hajui. Niliogopa kwamba ndiyo mwisho, nitatoka nimebebwa. Kadi yako ilikuja nikiwa hivyo. Nikakasirika! Na ile hasira ndiyo ilinikalisha kitandani kwa mara ya kwanza, nikaomba kalamu. Barua ya Januari niliiandika nimeegemea gunia la mahindi. Kwa hiyo orodha yako ya kijinga ilinifaa.

Kuhusu Sabato ile, nilikosa. Nimekubali mbele ya mchungaji na mbele ya ule mgomba. Wewe uliniambia hatua chache, mimi nikataka mia mbili.

Ukija nitamwambia Kwamboka afunge lango. Mimi sina nguvu ya kulifungua, na yeye hatalifungua. Utalala na ng'ombe.

Bosibori


Nakuru, 24 Juni 1972

Magokoro,

Josiah alinikuta nimeshika sanduku. Hakusalimu hata. Alisema, "Mama yule amesema nisipokupa hii atalala mbele ya lori langu." Nimesoma nimesimama. Nikasoma tena nimekaa juu ya sanduku. Matroni alipita akatazama, akaenda zake. Nimerudisha nguo kabatini.

Sasa mimi ndiye karani, nyamaza unisikie. Kufika kwenye chai kabla ya Agosti lilikuwa jani la tatu. Nimelitupa. Utafika Desemba. Kuanzia leo wiki tatu hutembei, kisha hatua kumi, na kila Jumapili kumi zaidi, Kwamboka akiwa ubavuni. Jumapili usiyoweza, huongezi, na hulii. Fimbo yako ifungwe kipande cha tairi chini isiteleze. Ukisikia moto ndani ya muundi wa mguu, unakaa hapo hapo ulipo, hata ikiwa ni juu ya mavi.

Nimechora mbavu. Ziko ishirini na nne, nazo zinapanda na kushuka mchana kutwa bila kuambiwa. Tulia uzisikie.

Loice


Ikonge, 10 Septemba 1972

Loice,

Hatua themanini. Nimepita migomba, sikuishika. Jumapili moja mguu ulikataa, sikuongeza, na nililia kidogo, hilo hukunizuia vizuri.

Nilitulia nikazisikia mbavu. Mbona hukuniambia mapema? Ng'ombe naye anazo, nimeweka mkono. Sasa najua kila kitu hapa bomani kinapanda na kushuka, hata mbwa wa Kwamboka nisiyempenda.

Mguu umepona umepinda. Natembea kama bata. Mogire ameomba msamaha, nikamwambia mzee, ulifanya kazi umefumba macho, mimi nikiwa nimeyafumbua hata uji naunguza.

Soma.

Bosibori


Nakuru, 27 Novemba 1972

Magokoro,

Nimepita.

Katika chumba cha mtihani walikaa watahini watatu nyuma ya meza. Yule wa katikati alitoa mfupa mdogo kutoka kwenye mfuko, akaniwekea kiganjani. Nilipoutazama kila kitu kikafutika. Kichwa kikawa kitupu. Nikafumba macho. Nikasikia mmoja anasema, "Unafanya nini?" Niliupapasa polepole kama ulivyosema, kama sindano kwenye mkeka. Ulikuwa na shavu laini upande mmoja, na mfereji mdogo chini. Nikaujua. Ulikuwa wa unyayo, unaokaa juu ya kisigino, ule unaobeba mtu mzima. Nikautaja jina, nikautaja upande, wa kushoto. Nikataja yote inayogusana nao. Nilipofumbua macho, yule wa katikati alikuwa amefumba yake, na kidole chake kinapita juu ya mfupa mwingine mezani.

Nina likizo kuanzia tarehe ishirini na tatu Desemba. Umefika wapi?

Loice


Ikonge, 10 Desemba 1972

Loice, mjukuu wangu,

Kwamboka amepiga kigelegele mpaka kuku wakapotea. Nimemwambia anyamaze, halafu nikapiga changu.

Ijumaa asubuhi nilifika kwenye chai.

Hatua zilizokuwa zimebaki nilizitembea polepole, wanawake wa egesangio nyuma yangu, hakuna aliyenishika, niliwakataza. Nikainua macho. Loice, niliiacha ikiwa vijiti. Niliiacha ikiwa inanifika kwenye goti, miche mia tatu iliyotawanyika kama nywele za mgonjwa. Sasa ardhi haionekani. Kijani kimelala juu ya kilima, kimenyooka, kimelingana, ungesema mtu amekipiga pasi. Na nilikuwa nimelala! Mwaka mzima nimelala, nikidhani dunia imesimama kuningoja, na hiki chote kilikuwa kinafanyika, jani kwa jani, hatua mia mbili kutoka kitandani kwangu.

Halafu nikauona mche wangu. Ule mmoja. Umenifika shingoni. Na una maua.

Umewahi kuona ua la chai wewe? Mimi miaka kumi nilichuma kwenye mashamba ya Kericho, nikapanda yangu, na sikuwahi kuliona vizuri, kwa sababu mche unaochumwa kila wiki haupati nafasi. Ni jeupe. Ndani ni njano, nyuzi nyingi nyembamba kama unga wa mahindi uliosimama. Nyuki walikuwa wamejaa, wanaimba. Linanukia kidogo, lazima uinamishe kichwa. Nilivua leso yangu ya kichwani bila kujua. Kwamboka aliyeulalamikia mche huu alikaa chini kwenye majani akafunika mdomo. Mimi Bosibori nilinong'ona! Ulizia mtu yeyote hapa kama hilo limewahi kutokea.

Kisha nilifanya nililokuja kufanya. Nikachuma. Majani mawili na chipukizi, mara moja tu. Miche mingine niliwaachia, mguu ulikuwa umeanza moto, nikakaa pale pale kama ulivyoamuru. Nimeyatia ndani ya barua hii. Yatakufikia yamekauka, lakini ndiyo hayo.

Mwaka mpya unakuja. Nikiona orodha ya mambo kumi na manne nitaichoma. Jambo langu la mwaka huo nimeshaliweka: kushuka kisimani na kupanda. Bila mtungi. Mtungi ni wa mwaka ule mwingine.

Sasa sikiliza lile utakalofanya. Ukishuka Ikonge, usije nyumbani. Usivue hata viatu. Pita njia ya juu, nenda moja kwa moja kwenye chai, ulete kisu kikali, maana ule mche lazima tuukate ulingane na wenzake, na sitaki ukatwe na mtu mwingine. Kaa chini yake. Utaniona natoka mlangoni na fimbo. Usipige kelele, usikimbie kuteremka, usinyooshe mkono. Kaa hapo hapo, uhesabu hatua zangu, ungoje nifike.

Nyanya yako,
Bosibori